Uchunguzi wa Hitilafu za Taimingi ya Cheche katika Pikipiki Kongwe: Mfano wa Triumph Bonneville T120

IKISIRI

Makala haya yanaeleza namna ya kuchunguza na kurekebisha hitilafu za taimingi ya cheche katika pikipiki kongwe zinazotumia viguso, kwa kurejelea Triumph Bonneville T120 yenye injini ya silinda mbili. Hoja kuu ni kwamba makosa mengi ya urekebishaji hayatokani na ugumu wa mfumo wenyewe, bali hutokana na fundi kuanza kurekebisha kabla ya kuthibitisha kipimo anachokitegemea. Makala yanafafanua sababu za cheche kutangulia kilele cha mwendo wa pistoni, uhusiano wa nafasi ya viguso na taimingi, dalili za cheche iliyotangulia mno na iliyochelewa, na utaratibu wa hatua tano wa uchunguzi. Inabainishwa kwamba kupanga taimingi wakati injini imezimwa hakutoshi, kwa kuwa hakuonyeshi mwenendo wa kifaa cha kutanguliza cheche injini inapozunguka. Makala yanahitimisha kwamba mpangilio wa hatua ni sehemu ya utatuzi: hatua ikirukwa, matokeo ya hatua zinazofuata hayaaminiki.

1.0 Utangulizi

Triumph Bonneville T120 ilizinduliwa mwishoni mwa mwaka 1958 kwa ajili ya msimu wa 1959. Jina lake lilitokana na uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah, nchini Marekani, mahali ambapo rekodi za kasi zilikuwa zikiwekwa. Pikipiki hiyo ilitengenezwa katika kiwanda cha Meriden, karibu na Coventry, Uingereza. Injini yake ina silinda mbili zilizosimama sambamba, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 71 na mwendo wa pistoni wa milimita 82, hivyo kufanya ujazo wa sentimita za ujazo 649.

Modeli za awali zilitumia magneto. Kuanzia modeli za 1963, injini na gia boksi viliunganishwa katika kasha moja. Magneto ikaondolewa, na mahali pake pakachukuliwa na mfumo wa koili mbili na jozi mbili za viguso vilivyowekwa kwenye ncha ya kamshafti ya eksozi. Mfumo huo ndio unaojadiliwa hapa. Neno “viguso” linatumika kumaanisha vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana ili umeme upite kwenye koili, kisha kuachana ili umeme ukatike na cheche iruke kwenye plagi. “Taimingi” ni mahali ilipo krenkishafti wakati cheche inaporuka, ikihesabiwa kwa digrii kabla ya pistoni kufika kileleni.

Tatizo linaloshughulikiwa na makala haya ni la utambuzi. Pikipiki kongwe isiyowaka vizuri huonyesha dalili zinazofanana na zile za kabureta chafu, mpira wa kuingizia hewa uliopasuka au vali zilizopangwa vibaya. Kwa sababu hiyo, ni jambo la kawaida kabureta kufunguliwa mara tatu au nne ilhali kasoro iko upande wa pili wa injini, chini ya kifuniko kidogo cha duara. Gharama ya kosa hili si muda peke yake. Cheche iliyotangulia mno inaweza kutoboa kichwa cha pistoni safarini bila onyo ambalo dereva asiye na uzoefu angelitambua. Aidha, inaweza kurudisha mkono wa kiki kwa nguvu inayotosha kuumiza kifundo cha mguu. Hivyo basi, suala la taimingi ni suala la usalama wa mwendeshaji na la uhai wa injini ambayo vipuri vyake vya asili havitengenezwi tena na kiwanda kilichoiunda.

2.0 Misingi ya Kinadharia

2.1 Sababu ya cheche kutangulia

Mchanganyiko wa petroli na hewa haulipuki papo hapo. Moto huanzia kwenye plagi na kusambaa ndani ya chumba cha mwako kwa muda mfupi unaohesabika. Ili mgandamizo wa gesi ufikie kiwango chake cha juu mara tu baada ya pistoni kupita kilele, cheche haina budi kuruka mapema. Katika T120 yenye viguso, taimingi kamili, yaani ile ya injini inapozunguka kwa kasi, ni digrii 38 kabla ya kilele. Kwa kipimo cha mwendo wa pistoni, hapo pistoni ingali chini ya kilele kwa takriban milimita 10.5.

Umuhimu wa tarakimu hizi unaonekana zikibadilishwa kuwa muda. Injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huzunguka mara 50 kwa sekunde, sawa na digrii 18,000 kwa sekunde. Digrii 38 kwa kasi hiyo huchukua takriban milisekunde 2.1. Injini hiyo hiyo ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, digrii 38 zingechukua milisekunde 6.3, yaani mara tatu zaidi. Moto ungekuwa umekomaa mapema mno, na pistoni ingali inapanda. Lakini cheche ikiruka digrii 14 kabla ya kilele kwa kasi hiyo ndogo, muda uliobaki ni takriban milisekunde 2.3, ambao unakaribiana sana na ule wa kasi kubwa. Kwa hiyo, kifaa cha kutanguliza cheche hufanya kazi moja: huupatia moto muda unaokaribia kuwa ule ule, ingawa kasi ya injini inabadilika.

Hapa ndipo tofauti ya digrii 24 kati ya 14 na 38 inapotoka. Ikumbukwe kwamba kamshafti huzunguka nusu ya kasi ya krenkishafti. Hivyo, kifaa cha kutanguliza kinaposogeza kemu kwa digrii 12, athari yake kwenye krenkishafti ni digrii 24. Kanuni hii ya maradufu ndiyo chanzo cha makosa mengi, kwa kuwa kila uchakavu kwenye kamshafti huzaa kosa kubwa mara mbili kwenye taimingi.

2.2 Muundo wa mfumo

Pistoni za injini hii hupanda na kushuka pamoja, lakini huwaka kwa zamu: silinda moja huwaka katika mzunguko mmoja wa krenkishafti na nyingine katika mzunguko unaofuata. Kemu ni moja, na jozi mbili za viguso zimepangwa pande zinazoelekeana za sahani ya viguso. Kila jozi ina koili yake, kapasita yake na plagi yake. Kwa maana hiyo, T120 ina mifumo miwili ya kuwasha inayotumia kemu moja, na inawezekana kabisa silinda moja iwe na taimingi sahihi huku ya pili ikiwa na kosa.

Nyuma ya sahani ya viguso kuna kifaa cha kutanguliza cheche. Kina vyuma viwili vya uzito vinavyoshikiliwa na springi. Kasi inapoongezeka, vyuma hivyo hutanuka na kuizungusha kemu mbele kidogo. Kasi inapopungua, springi huvirudisha. Kifaa chote kimeshikwa na bolti moja kwenye ncha ya kamshafti iliyochongoka. Bolti hiyo ikilegezwa na kifaa kikajiachia, taimingi hupotea yote.

Mabadiliko moja ya kiufundi yanafaa kutajwa kwa sababu yanaathiri utaratibu wa kazi. Sahani ya viguso ya awali aina ya Lucas 4CA iliruhusu kuzungushwa yote kwa pamoja tu. Fundi aliyepanga silinda ya kwanza kwa usahihi alilazimika kuipata silinda ya pili kwa kuongeza au kupunguza nafasi ya viguso vyake. Kuanzia modeli za 1968 ilitumika sahani ya Lucas 6CA, ambamo kila jozi ya viguso ina kibati chake kinachosogezwa peke yake, na kapasita zikahamishiwa mahali pengine. Kwa hiyo, hatua ya kwanza ya uchunguzi wowote ni kujua ni sahani ipi iliyofungwa, maana pikipiki nyingi zimebadilishwa vipuri katika maisha yao marefu.

2.3 Nafasi ya viguso na taimingi

Nafasi kati ya viguso inapokuwa wazi kabisa inapaswa kuwa kati ya milimita 0.35 na 0.40. Nafasi hii haiwezi kutenganishwa na taimingi. Nafasi ikiongezwa, viguso huachana mapema zaidi juu ya mteremko wa kemu, na cheche hutangulia. Ikipunguzwa, viguso huchelewa kuachana, na cheche huchelewa. Kwa sababu hiyo, kisigino cha viguso kinachosugua kemu kinapolika, nafasi hupungua na taimingi huchelewa polepole bila mtu kugusa chochote. Fundi anayepanga taimingi kwanza kisha akarekebisha nafasi anakuwa ameiharibu kazi aliyoimaliza. Kanuni ni moja: nafasi hutangulia, taimingi hufuata.

3.0 Dalili na Tafsiri Zake

Dalili za taimingi mbovu zinaweza kupangwa katika makundi manne.

(a) Cheche iliyotangulia mno. Kiki hurudi nyuma wakati wa kuwasha. Injini hugonga kama kokoto ndani ya debe inapobeba mzigo mlimani. Vichwa vya silinda huchemka. Matumizi ya petroli yenye oktani ndogo huzidisha dalili hizi.

(b) Cheche iliyochelewa. Injini huwaka kwa urahisi lakini haina nguvu. Mkono wa mafuta ukivutwa mwitikio ni mzito. Mabomba ya eksozi hupata joto kupita kiasi na kubadilika rangi kuwa ya samawati karibu na kichwa cha silinda, kwa kuwa sehemu ya moto hutoka nje kabla ya kumaliza kazi yake.

(c) Kifaa cha kutanguliza kisichofanya kazi sawasawa. Vyuma vya uzito vikishika kutu vikiwa vimefungwa, injini hutulia vizuri kwenye silensa lakini hukosa nguvu kwa kasi. Vikikwama vikiwa wazi, kiki hurudi. Springi zikilegea, cheche hutangulia mapema mno. Silensa hupanda na kushuka yenyewe, na injini huchelewa kurudi chini mkono wa mafuta unapoachiwa.

(d) Tofauti kati ya silinda mbili. Mlio wa eksozi hukosa uwiano, bomba moja huwa na joto kuliko jingine, na kabureta mbili hazikubali kulinganishwa hata zikiwa safi.

Dalili ya mwisho katika kundi (c), yaani silensa isiyotulia, ndiyo inayopotosha zaidi. Hewa inayopenya kwenye maungio ya kabureta huleta dalili hiyo hiyo. Dalili peke yake haiwezi kutenganisha sababu hizi mbili. Kipimo ndicho kinachozitenganisha. Ikiwa taa ya taimingi itaonyesha alama inayoyumba huku injini ikiwa kwenye silensa, chanzo ni upande wa cheche. Ikiwa alama imetulia huku mlio ukiyumba, uchunguzi uhamie kwenye hewa na petroli.

4.0 Utaratibu wa Uchunguzi

4.1 Hatua ya kwanza: uimara wa umeme

Taimingi haiwezi kupimwa kwenye mfumo usio na umeme wa kutosha. Betri iwe na chaji kamili. Ikumbukwe kwamba katika pikipiki hii upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye fremu; betri iliyofungwa kinyume inaweza kuharibu vipuri vya kielektroniki vya mfumo wa kuchaji.

Volti zipimwe kwenye betri, kisha kwenye nyaya zinazoingia kwenye koili, swichi ikiwa wazi na viguso vikiwa vimegusana ili umeme upite. Tofauti inayozidi nusu volti inaashiria upinzani mahali fulani njiani: swichi ya ufunguo, kitufe cha kuzimia, au maungio yenye kutu. Upungufu huu huleta cheche dhaifu inayokatika injini inapobeba mzigo, na hali hiyo mara nyingi hudhaniwa kuwa ya taimingi.

Kapasita nazo zikaguliwe. Viguso vinavyotoa cheche kubwa za samawati vinapoachana, au vyenye shimo upande mmoja na kichuguu upande wa pili, huashiria kapasita iliyochoka. Kupanga taimingi juu ya viguso vya aina hiyo ni kazi bure, kwa kuwa geji bapa hupima kichuguu wala haifiki kwenye shimo.

4.2 Hatua ya pili: hali ya kimekanika

Kifuniko cha viguso kikifunguliwa, kitu cha kwanza kutazamwa ni mafuta. Nyuma ya kifaa cha kutanguliza kuna sili ya kuzuia oili ya injini. Sili ikichoka, oili hufika kwenye viguso, huungua, na kuacha ukoko mweusi usiopitisha umeme. Kusafisha viguso bila kubadilisha sili ni kuahirisha tatizo kwa majuma machache.

Baada ya hapo, kemu izungushwe kwa vidole kuelekea upande wake wa mzunguko na kuachiwa. Inapaswa kusogea kwa wepesi na kurudi yenyewe hadi mwisho kwa nguvu ya springi. Ikirudi nusu njia, kifaa kifunguliwe, kisafishwe na kipakwe mafuta mepesi. Springi zilizonyooka zibadilishwe. Hazikunjwi upya, kwa sababu uimara wake ndio unaoamua cheche itangulie kwa kasi gani.

Mwisho, nafasi ya kila jozi ipimwe. Ikiwa kemu inaweza kutikiswa kwa mkono kutoka upande hadi upande, bushi ya kamshafti imelika, na nafasi itabadilika kila mzunguko. Hitilafu hiyo hairekebishwi kwa bisibisi. Ni muhimu itambuliwe hapa, kabla fundi hajatumia siku nzima kutafuta usahihi ambao injini haiwezi kuutoa.

4.3 Hatua ya tatu: kuthibitisha alama

Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo msingi wa hoja ya makala haya. Injini za miaka ya mwisho ya 1960 zina alama kwenye rota ya alteneta, inayoonekana kupitia kifuniko kidogo kwenye kasha la cheni ya primeri. Baadhi ya mafundi huiamini alama hiyo kwa sababu iliwekwa kiwandani. Hata hivyo, rota ya aina hii imeundwa kwa sumaku na alumini zilizomiminwa kuzunguka kitovu cha chuma. Kitovu kimefungwa kwa ufunguo wa chuma kwenye krenkishafti, lakini sehemu ya nje ya rota kongwe inaweza kulegea juu ya kitovu chake na kuzunguka kidogo. Alama husogea nayo. Rota iliyolegea pia hutoa mgongo unaofanana na wa beringi ya konrodi iliyokufa, jambo ambalo limewahi kusababisha injini nzima kufunguliwa pasipo sababu.

Uthibitisho hufanywa kwa sahani ya digrii na kizuizi. Plagi zote mbili hutolewa. Sahani ya digrii hufungwa kwenye ncha ya krenkishafti, na waya mgumu hufungwa kando yake kuwa mshale. Pistoni huletwa karibu na kilele kwa kukadiria, na mshale huelekezwa kwenye sifuri. Pistoni ikishushwa kidogo, kizuizi hufungwa kwenye tundu la plagi ili kiikamate pistoni kabla haijafika kileleni. Krenkishafti huzungushwa taratibu kwenda mbele hadi pistoni iguse kizuizi, na digrii husomwa. Kisha huzungushwa kinyume hadi iguse tena, na digrii husomwa upande wa pili.

Chukulia kwamba upande mmoja umesoma digrii 46 na wa pili digrii 54. Jumla ni 100, na nusu yake ni 50. Sahani isogezwe kwa digrii 4 ili pande zote mbili zisome 50. Hapo sifuri ya sahani ndiyo kilele halisi. Njia hii ni bora kuliko kutazama pistoni ikifika juu, kwa sababu karibu na kilele pistoni husogea kidogo mno hata krenkishafti ikizunguka digrii kadhaa, na jicho haliwezi kuona tofauti hiyo.

Kizuizi kikiondolewa, krenkishafti huzungushwa hadi digrii 38 kabla ya kilele, na alama ya rota hutazamwa. Ikiwa haikubaliani na sahani, sahani ndiyo inayosadikiwa. Katika injini zenye tundu la kuingizia pini hadi kwenye mfuo wa flaiwili, pini hiyo pia hutoa uthibitisho, kwa kuwa flaiwili haiwezi kuteleza kama rota.

4.4 Hatua ya nne: kupanga injini ikiwa imezimwa

Kwa kuwa kipimo muhimu ni cha digrii 38, kemu hufungwa kwanza katika hali ya kutangulia kabisa. Bolti ya katikati hutolewa kwa uangalifu, na washa ya muda yenye tundu pana huwekwa ili iibane kemu ikiwa imezungushwa hadi mwisho. Krenkishafti hurudishwa nyuma kupita digrii 38, kisha huletwa mbele hadi digrii 38 kamili. Kuirudisha nyuma na kuileta mbele kunaondoa ulegevu wa meno ya gia za taimingi. Fundi anayefika kwenye alama kutoka upande wa nyuma hupima ulegevu huo pamoja na taimingi.

Taa ndogo ya majaribio huunganishwa kati ya waya wa viguso na fremu, na swichi hufunguliwa. Viguso vikigusana, taa huzima, vikiachana, huwaka. Kibati cha viguso husogezwa hadi taa iwake pale pale kwenye digrii 38. Kukisogeza kinyume na mzunguko wa kemu hutanguliza cheche, na kukisogeza upande wa mzunguko huichelewesha. Skrubu zikikazwa, kipimo kirudiwe, kwa sababu kukaza peke yake huweza kusogeza kibati. Krenkishafti izungushwe mzunguko mmoja kamili hadi digrii 38 za silinda ya pili, na kazi irudiwe kwa jozi nyingine.

Kazi ikikamilika, washa ya muda iondolewe na ya asili irudishwe. Kuisahau washa hiyo ni kosa dogo lenye matokeo makubwa: kemu hubaki imefungwa kwenye digrii 38, na mtu wa kwanza kupiga kiki hupokea nguvu yote mguuni.

4.5 Hatua ya tano: kuhakiki injini ikizunguka

Taa ya taimingi huunganishwa kwenye waya wa plagi ya silinda ya kwanza, na injini hupashwa joto. Mizunguko ikifika takriban 3,000 kwa dakika, alama iliyothibitishwa inapaswa kusimama mahali pake na kutosogea tena hata kasi ikiongezwa. Baadaye taa huhamishiwa silinda ya pili. Kwa kuwa pistoni hupanda pamoja, alama moja hutosha kwa silinda zote mbili, na tofauti yoyote inayoonekana kati yake ni tofauti ya viguso.

Kasi inapopunguzwa polepole, alama irudi kwa utulivu. Ikirukaruka, kifaa cha kutanguliza au bushi ya kamshafti ichunguzwe upya.

5.0 Mjadala

Swali linaloweza kuulizwa ni kwa nini hatua ya tano ihitajike ikiwa ya nne imefanywa kwa usahihi. Jibu linapatikana kwa kulinganisha njia mbili za upangaji. Fundi anayepanga kwa digrii 14, kemu ikiwa imepumzika, hudhani kwamba kifaa cha kutanguliza kitaongeza digrii 24 kamili. Chukulia kwamba vituo vya vyuma vya uzito vimelika na kemu sasa husogea digrii 13.5 badala ya 12. Kwenye krenkishafti, ongezeko huwa digrii 27. Taimingi ya kasi hufika digrii 41, ambazo ni 3 zaidi ya kiwango. Kiki haitarudi, silensa itatulia, na fundi ataridhika. Athari itaonekana katika safari ndefu yenye mzigo, na wakati huo kichwa cha pistoni ndicho kitakachotoa taarifa.

Fundi anayepanga kwa digrii 38 kemu ikiwa imefungwa mbele atakuwa salama kwa upande huo, kwa kuwa kosa la digrii 3 litahamia kwenye kasi ndogo: cheche itaanza digrii 11 badala ya 14. Injini itakuwa nzito kidogo kuwaka, lakini haitajiua. Kwa maneno mengine, njia zote mbili hazionyeshi kosa. Tofauti ni mahali zinapoliweka. Njia ya digrii 38 huliweka mahali lisipoua injini. Taa ya taimingi ndiyo pekee inayolifichua, kwa sababu ndiyo pekee inayotazama kifaa kikiwa kazini.

Hoja hii inaeleza pia kwa nini mpangilio wa hatua usibadilishwe. Taa ya taimingi huangaza alama, lakini haijui kama alama ni ya kweli. Sahani ya digrii huthibitisha alama, lakini haijui kama kemu inayumba. Viguso vizuri hutoa nafasi sahihi, lakini havijui kama koili inapata volti za kutosha. Kila kipimo hutegemea kile kilichotangulia. Mkulima hapimi mavuno kwa pishi lililotoboka.

Wamiliki wengi wa pikipiki hizi hukwepa mlolongo huu kwa kufunga mfumo wa kielektroniki badala ya viguso. Uamuzi huo una manufaa ya wazi: kisigino cha kulika hakipo tena, na mifumo mingi ya aina hiyo haina vyuma vya uzito wala springi. Hata hivyo, mfumo huo nao hupangwa kwa kutumia alama ya rota na taa ya taimingi, na huhitaji volti imara zaidi. Rota iliyoteleza itaupotosha mfumo mpya kama ilivyoupotosha wa zamani. Hatua ya kwanza na ya tatu hubaki na ulazima ule ule.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yamebainisha kwamba taimingi ya cheche katika Triumph Bonneville T120 ni matokeo ya mambo matano yanayotegemeana: umeme wa kutosha, viguso na kemu vilivyo imara, alama iliyothibitishwa, upangaji wa digrii 38 kwa kila silinda, na kifaa cha kutanguliza kinachofanya kazi katika kasi zote. Imeonyeshwa kwamba kosa dogo kwenye kamshafti huwa maradufu kwenye krenkishafti, na kwamba upangaji wa injini iliyozimwa unaweza kuficha kosa ambalo litajitokeza barabarani.

Kutokana na hayo, inapendekezwa mambo matatu. Kwanza, kabureta isifunguliwe kabla ya taimingi kuhakikiwa kwa taa. Pili, alama ya rota isitumiwe katika pikipiki ambayo historia yake haijulikani hadi ithibitishwe kwa sahani ya digrii na kizuizi. Alama mpya ikichorwa, fundi aandike tarehe na kipimo ili anayefuata asianze gizani. Tatu, ufundishaji wa ufundi wa magari na pikipiki uendelee kujumuisha mfumo wa viguso, hata katika enzi ya sanduku za kielektroniki. Katika mfumo huu mwanafunzi huona kwa macho yake sababu na matokeo: chuma kinaachana, cheche inaruka, alama inasimama. Anayeelewa uhusiano huo hatahitaji kubahatisha atakapokabidhiwa mfumo ambao sehemu zake hazionekani.